Mazishi Tisa Barabara ya Kisima

Tulipoachana, mkono wa Nelima ulikuwa umeshika kamba ya turubai na mtaa mzima ulikuwa umemkodolea macho. Sasa kamba imekatika.

Turubai likateleza upande wa lori. Nelima alikuwa amejiandaa kuona mchanga. Akaona jeneza.

Lilikuwa la mbao nyekundu, limepigwa vanishi, na vishikio vyake viling'aa juani. Waendesha bodaboda wakashuka kwenye pikipiki zao wote kwa pamoja. Muuza omena akafunika beseni lake la dagaa kwa leso. Nelima, mjane wa Shitanda, alikuwa amefunua maiti ya watu katikati ya barabara ya Kisima, Manyatta, mjini Kisumu, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wasiopungua thelathini.

Dereva akashuka polepole. Jina lake Calvince, mtu wa mabega mapana, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi.

"Umeridhika, mama?" akauliza. "Ulisema ni mchanga. Haya, ongea na yeye. Muulize kama yeye ni mchanga."

Nelima akaachia kipande cha kamba kilichobaki mkononi.

Kwa yule aliyefungia mandazi gazeti la wiki jana, nitaeleza upesi. Barabara ya Kisima ilichongwa kwa ajili ya miguu na baiskeli. Leo malori ya mchanga kutoka Katito yanapita humo kwenda kwenye kiwanda cha matofali cha Mzee Oketch. Yamepasua bomba la maji mara tatu. Ukuta wa Nelima umepata ufa ambao mtoto wake Becky anapitisha kidole.

Sasa barabara itajengwa upya, nene, ya kubeba malori. Wadi italeta mashine na mhandisi. Kokoto, lami na mitaro vitalipiwa na nani? Oketch alisema wenye ploti walipe. Wenye ploti wakasema Oketch alipe. Mwishowe wakakubaliana: malori yahesabiwe siku saba. Zaidi ya nusu yakiingia kwa Oketch, gharama ni yake peke yake. Yasipofika nusu, kila mwenye ploti atalipa kwa urefu wa ua wake unaopakana na barabara.

Ploti ya Nelima iko kwenye kona. Ina barabara mbele na ina barabara ubavuni, kwa hiyo angelipa mara mbili. Hata mara moja asingeweza. Angelazimika kuuza, na mnunuzi alikuwa keshajitokeza. Ni Oketch huyo huyo, ambaye malori yake hayapati pa kugeuzia.

Hesabu ilifungwa jana. Malori sitini na moja, ishirini na manane kwa Oketch. Nusu haikufikiwa. Leo saa nane mchana afisa wa wadi angekuja kuweka sahihi, na katika mkutano huo ni mwenye ploti pekee aliyeruhusiwa kuipinga hesabu.

Na kulikuwa na sharti moja dogo. Gari la matanga halihesabiwi. Sharti hilo halikuletwa na mgeni, ni wao wenyewe walilipitisha, na hata Nelima aliinua mkono. Likipita gari lenye matawi mbele na taa zimewashwa mchana, watu wa Kisima husimama, huvua kofia na kutazama chini. Ni nani atakayeanza kukagua huzuni ya mwenzake? Lakini jana Nelima alitazama chini na akaona tone la maji, kisha jingine, mstari mzima nyuma ya lori la wafiwa. Ndiyo maana leo alishika kamba.

Na sasa huyu hapa, amesimama mbele ya jeneza.

"Mama Becky." Sauti hiyo ilikuwa ya Mzee Dalmas, mwenyekiti wa kamati ya barabara, mstaafu wa reli anayetembea na mwavuli hata siku za jua. "Kwenu Bungoma ndio mnafungua maiti kwa njia?"

"Mzee, niliona maji inadondoka."

"Maji. Umekataa hesabu, sasa unakataa hata kifo. Mtu kama wewe atasimama mbele ya afisa kuongea nini?"

Calvince akatoa karatasi mfukoni. "Mzee, kibali ya kusafirisha mwili ndio hii. Iko na mhuri."

Dalmas akaitupia jicho, akaikunja, kisha akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Hakumrudishia dereva. Tafadhali ukumbuke mfuko huo.

"Piga magoti, uombe msamaha," akasema Dalmas.

Nelima akakunja goti moja. Alitaka yaishe, aende akajifungie ndani.

Hapo ndipo jirani yake Beldina alipojipenyeza mbele. Ni mama wa miaka sitini hivi, mpangaji wa nyumba ya pili, anayemwita Nelima mwanangu ingawa hawana undugu. Hakuja kubishana. Alikuja kutoa pole tu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Mos, nyathina," alimwambia dereva. Pole, mwanangu. "Sasa mnampeleka dala, nyumbani, wapi?"

"Tumetoka naye Katito, mama. Tunampeleka mochari."

Beldina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama.

"Amefia huko Katito?"

"Eeh."

"Kwao ni huko huko?"

"Nyakach, ndiyo, mama."

"Na mnamleta Kisumu na jeneza?"

Calvince akajikuna shingo. "Mochari, mama. Nimesema mochari."

"Nimesikia. Mimi nimezika bwana, nimezika ndugu wawili na mama mkwe juu yake. Mtu huenda mochari na blanketi. Jeneza inanunuliwa siku ya kumtoa. Huyu wako alikuwa na haraka gani?"

Kila mmoja sasa aliangalia kichwa cha lori. Lilikuwa limeelekea mjini. Watu wale, Mjaluo kwa Mluhya, kila wiki huyaona magari ya matanga yakitoka mochari kwenda Nyakach, kwenda Siaya, kwenda Bungoma. Marehemu hurudi nyumbani. Hajazaliwa bado marehemu wa kuhamia Manyatta.

"Wacheni wafiwa waende," alisema Dalmas upesi. "Mambo ya familia haituhusu."

"Wafiwa gani?" Beldina aliuliza. "Mimi naona dereva na turnboi wa kupakia mizigo tu. Nani analia?"

Akavua viatu vyake, akavipanga vizuri kando ya gurudumu, akapanda. Calvince alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Hakuna mwanaume wa pande hizi anayemvuta mama wa rika la mamake mbele za watu.

Beldina aligonga jeneza kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama anayebisha hodi. Kisha akainua kifuniko.

Akatazama ndani kwa muda. Halafu akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa lori: jeki, spana mbili, chupa ya chai, nusu mkate.

"Marehemu alikuwa fundi," akasema.

Alipolisukuma jeneza kwa mguu, chini yake palikuwa na mchanga. Mchanga wa mto, mbichi, umejaa lori zima na bado unachuruzika maji.

Kicheko hakikutoka. Kilichotoka kwanza ni mnong'ono, na mnong'ono wa Manyatta ni wa kuogopwa kuliko kelele. Owiti wa bodaboda ndiye aliyeutia maneno.

"Nimevua helmeti mara nne wiki hii," alisema. "Mara nne, nimesimama kwa jua, nimeinamia mchanga."

"Mimi nilizima redio," alisema fundi cherehani.

"Mimi nilifanya ishara ya msalaba," alisema muuza omena. Yeye ndiye aliyeonekana kukasirika kuliko wote.

Wakaanza kukumbushana. Jumatatu lilipita moja asubuhi na jingine alasiri. Jumanne moja. Jumatano mawili. Walibishana juu ya Alhamisi hadi muuza omena akakumbuka kwamba siku hiyo alijichora msalaba mara moja tu. Ijumaa moja, na wiki hiyo ilikuwa imeanza kuhesabiwa Jumamosi iliyopita, ambapo lilipita moja. Jumapili hakuna, labda kwa kumwogopa Mungu.

"Nane," alisema Owiti.

"Tisa," alisema Nelima. Sauti ilikuwa imemrudia. "Jumanne jioni kulikuwa na ingine. Ilivunja bomba, nikachota maji na ndoo kwa mtaro, na bado nikainamisha kichwa."

Tisa, basi. Ishirini na manane ukijumlisha tisa ni thelathini na saba. Sitini na moja ukijumlisha tisa ni sabini. Nusu ya sabini ni thelathini na tano, na hata mtoto wa darasa la tatu aliona nani analipa. Nelima alicheka kwa mara ya kwanza tangu hesabu ianze, kicheko kifupi cha mtu asiyeamini bahati yake.

Alikuwa na haki ya kutoiamini.

"Mimi ni dereva tu, mama," Calvince alikuwa akisema. Alikuwa amekaa kwenye kikanyagio cha lori, ule ukali wote umemwisha. "Hiyo jeneza nilipewa vile mtu hupewa spea. Niliambiwa ndio inafungua njia."

"Na kibali?" Nelima aliuliza. "Nani amekufa?"

"Sijui. Hiyo karatasi nilipewa na mwenye familia."

Kila mmoja alikumbuka ule mfuko. Dalmas, lakini, alikuwa keshafika mbali kidogo, anatembea kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Owiti akawasha pikipiki, akamzunguka, akaisimamisha mbele yake.

"Mzee, toa hiyo karatasi."

"Nitampatia afisa mimi mwenyewe."

"Kibali ya mtu ambaye hayuko, unaiweka kwa moyo ya nini?" aliuliza Beldina kutoka juu ya lori.

Dalmas alimtazama Nelima, kisha akatazama pembeni. Akaitoa.

Nelima alipoipokea hakuhitaji kuisoma. Kona moja ilikuwa imeungua, duara ndogo ya kahawia. Aliiunguza yeye, kwa mshumaa, usiku wa kukesha kabla ya kusafirisha mwili. Akaikunjua hata hivyo. Shitanda Wechuli. Mhuri. Tarehe ya miaka miwili iliyopita.

Moyo ulimuuma kama siku ile ile. Alimzika mume wake mara moja, kule Chwele kwao, kwa heshima zote. Wiki hii alikuwa amezikwa mara tisa tena, kwa jeki na chupa ya chai, na mjane wake akiinamisha kichwa mbele yake bila kujua.

"Huyo mwenye familia," alimuuliza Calvince, "anafanana aje?"

"Mrefu. Ana pengo hapa mbele. Alisema marehemu ni kaka yake."

Waswa. Mdogo wa Shitanda, aliyekula ugali na kuku mezani kwake Jumapili, akamwombea Becky baraka na kuomba nyongeza ya mchuzi.

Kibali kile kilikuwa kinakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya mfuko mmoja na karatasi za ploti. Nelima alikimbia. Beldina alimfuata, viatu mkononi.

Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo alikuwa nao shingoni. Alifungua sanduku, akatoa suti ya Shitanda, akatoa cheti cha kuzaliwa cha Becky, akafika chini kwenye mfuko wa bluu. Mfuko ulikuwapo. Ulikuwa umelala bapa.

"Hazipo," alisema. "Karatasi za ploti hazipo."

Beldina akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Pasaka nilienda Chwele," Nelima alisema. "Nilikuachia funguo. Waswa alikuja?"

"Alikuja siku moja. Alisema anatafuta shati yake. Ningemkataza aje, na ni nyumba ya ndugu yake?"

"Alikaa sana?"

"Nilikuwa na ugali motoni, nyathina. Sikuangalia saa."

Nelima alitaka kukasirika, akashindwa. Mama huyu ndiye aliyemwokoa na aibu saa moja tu iliyopita. Nani angemfungia mlango shemeji? Yeye mwenyewe alikuwa akimpikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Beldina, akamshika mkono. "Twende kwa mkutano. Hesabu tunayo. Hayo ya Waswa tutayaona baadaye."

Saa nane uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Vijana wanne wa bodaboda walikuwa wamebeba jeneza hadi pale na kuliweka chini mbele ya meza ya afisa, jeki juu yake. Afisa wa wadi, mwanamke mwenye miwani na faili nene, aliliangalia, akaamua kutouliza mpaka aelezwe.

Oketch alikuwa safu ya mbele, kofia nyeupe, miguu imenyooshwa. Dalmas alikuwa kando yake. Walikuwa wameacha kiti kimoja wazi katikati yao, na Nelima alikiona kiti hicho lakini hakukifikiria.

Alisimama akaeleza. Malori tisa, matawi, jeneza, thelathini na saba kati ya sabini. Owiti alithibitisha. Muuza omena alithibitisha mara mbili, ya pili bila kuulizwa.

Oketch hakuinua sauti. "Madam, barabara ni ya umma. Na lori zangu zinalipa kodi kwa kila lita ya dizeli. Halafu hayo matofali, si ni hawa hawa wanajengea nyumba?"

"Matofali tunanunua, Mzee," alijibu Nelima. "Tunalipa kabla hujapakia. Barabara yetu unaivunja kila siku, na bado hujawahi kuuliza bei."

Uwanja ukaguna kwa kukubali. Afisa alitabasamu kidogo, akaandika kitu. Nelima alihisi mkono wa Beldina ukiukaza wake.

"Hoja yako ina uzito, mama," alisema afisa. "Jeneza nalo nimeliona. Kabla sijafuta hesabu ya kwanza, sharti lenu wenyewe linasema anayepinga awe na ploti. Yako ni ipi?"

"Ya kona."

Afisa alifungua orodha ya kamati, ile iliyoletwa na Dalmas asubuhi hiyo. Akapitisha kidole. Akarudia.

"Ploti ya kona imeandikwa Waswa Wechuli. Tangu Jumatatu."

Watu waligeuka. Kutoka nyuma ya gari la Oketch alitoka mtu mrefu, shati limepigwa pasi, akapita katikati yao akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa wazi.

"Keti chini, shemeji," alisema kwa upole. "Hii ni mkutano ya wenye ploti. Na mimi hesabu ya Mzee Dalmas nimeikubali."

"Sijauza," alisema Nelima. "Sijampa mtu. Sijaweka sahihi mahali popote."

"Sahihi yako iko hapa." Afisa aliinua karatasi ya kuhamisha ploti. "Lakini sahihi hubishaniwa, ndiyo maana pia kuna shahidi. Jirani, ameandika kwamba alikuona kwa macho yake ukikubali." Akaisogeza karibu na miwani. "Beldina Ajwang."

Nelima hakugeuka mara moja. Tangu asubuhi Beldina alikuwa naye, juu ya lori, chumbani kwake, hadi hapa uwanjani, na mkono wake ulikuwa bado umeshika wa Nelima. Sasa aliusikia mkono huo ukilegea, kidole baada ya kidole, mpaka ukaachia.